Kona ya Bafu Ambayo Sikuikanyaga

Mama mkwe wangu alianguka bafuni asubuhi ya Jumamosi moja, akavunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja, na watoto wake wote wakakubaliana kwamba ni uzee. Mimi pia nilikubaliana nao. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikasema pole, nikasema wazazi wetu wamekula chumvi nyingi na ni lazima tuwaangalie kwa karibu. Niliyasema hayo yote huku nikijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba bafu lile nililijenga mimi, na nililijenga vibaya.

Mimi ni fundi wa mabomba na vigae hapa Busia, upande wa Kenya, ingawa kazi zangu nyingi ziko ng'ambo, upande wa Uganda. Nina mkono mzuri na ulimi mbaya. Nikiingia kwenye bafu lililojengwa na fundi mwingine, kabla hata sijamaliza kumsalimu mwenye nyumba, husimama mlangoni, mikono kiunoni, nikauliza, "Nani aliwafanyia uchafu huu?" Ni swali ninalolipenda sana. Limenipatia wateja wengi na maadui wasiopungua wateja hao.

Mke wangu ametoka ng'ambo hiyo hiyo, Kiyeyi, kule Tororo. Mama yake ni mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu, na mpaka mwaka huu anapalilia karanga zake mwenyewe. Alipokuwa na nguvu alikuwa anashuka Majanji, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki na kuwauza sokoni Tororo, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Ndicho tunachoongea mimi na yeye, kwa sababu Kidhopadhola, lugha ya kwao, changu kinaishia kwenye salamu.

Kuongea kwetu kuna utaratibu wake. Kwa miaka kumi na miwili hatujawahi kupeana mkono. Nikiingia sebuleni kwake, yeye huhamia kiti cha pembeni na kunigeuzia bega, kisha tunaulizana habari za watoto kila mmoja akiutazama ukuta wake. Sili chakula anapokula yeye. Mlango wa chumba chake cha kulala sijawahi kuupita hata kwa bahati mbaya. Mgeni akituona atadhani tumegombana, lakini hiyo ndiyo heshima ya mkwe kwa watu wa huku, kwao na kwetu Usamia, na mimi sijawahi kuiona kuwa mzigo. Nampenda yule mama na ninamwogopa, na desturi inaniruhusu kufanya yote mawili bila kujieleza.

Miaka miwili iliyopita goti lake lilianza kumsumbua. Alikuwa anaoga nje, nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha nyasi chenye mawe ya kusimamia, na mvua ikinyesha mawe yale yanateleza kama sabuni. Shemeji yangu mkubwa, kaka ya mke wangu, anayeishi Tororo mjini, akaamua mama ajengewe bafu ndani, kwenye kistoo kilichopakana na chumba chake. Akasema amepata fundi wa Tororo.

Nilipandwa na hasira papo hapo. "Familia ina fundi," nikamwambia, "halafu mnatafuta mtu barabarani?"

"Shemeji, usikasirike," akasema. "Lakini hiyo ni mahali ya mama kuoga. Wewe ni mkwe. Utaingia namna gani?"

Suala lilifika kwa baba mdogo wa mke wangu, naye akatoa uamuzi ulionifurahisha mno: mpaka siku mama atakapooga humo, kile ni kistoo tu, na mkwe hakatazwi kuingia kwenye kistoo. Akishaoga mara moja, basi, mkwe asikanyage tena. Kwa hiyo nilipata kazi niliyoitaka, na niliipata kwa kujisifu.

Lilikuwa bafu la kisasa. Sakafu yote niliipiga vigae na kuiinamisha kidogo, ili maji yakimwagika popote yakimbilie kwenye trei ya shawa, yaani lile sinia pana la plastiki ngumu ambalo mtu husimama juu yake akioga. Trei yenyewe niliilaza ndani ya shimo la kina kifupi, ukingo wake ukawa sawa na vigae, ili goti la mama lisiwe na kizingiti cha kuruka. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi, na hata leo sitamruhusu mtu aseme vinginevyo.

Sasa, trei haikai hewani. Chini yake unatandaza mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, unautandaza kote kote kama godoro, kisha unailaza trei juu yake na kuikandamiza mpaka kusibaki nafasi hata ya kupitisha kidole. Hiyo ndiyo kazi. Trei iliyolazwa hivyo hata ng'ombe akisimama juu yake haisemi kitu. Nimewafundisha vijana wengi hivyo, na nimewatukana waliofanya vinginevyo.

Siku ya kuilaza ile ya mama nilifanya vinginevyo. Mlango wa kutoka kistoo kwenda chumbani kwake ulikuwa bado haujawekwa, palitundikwa kitambaa tu, na kila upepo ulipovuma kitambaa kilinyanyuka nikaona mguu wa kitanda na ncha ya gomesi lake, lile vazi refu la kina mama wa Uganda, lililoning'inia. Nilijisikia kama mwizi. Yeye alikuwa kwa jirani tangu asubuhi, akisubiri niondoke ndipo arudi kwake, na kupitia dirishani nilimsikia akikohoa barabarani, anakaribia. Nikachota mota kwa mwiko nikaweka matonge matano, moja kila kona na moja katikati, kama mtu anayegawia watoto ugali, nikaitua trei juu yake, nikaikandamiza kwa viganja, nikapima, ikawa sawa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Kati ya kona ya mbali, iliyo chini ya bomba, na lile tonge la katikati, iliitika kama debe tupu.

Niliisikia. Sitaki kudanganya hapo.

Kuna jambo lingine ninalofanya kila kazi ikikauka. Namwita mwenye nyumba, namwambia avue viatu, apande juu ya trei, akanyage kona zote nne, hata arukeruke akipenda. Watu hucheka, watoto hupenda zamu yao, na ikiwa kuna kasoro huonekana hapo hapo. Kwa mama mkwe jambo hilo halifikiriki. Nitamwambiaje mama mkwe avue viatu asimame mbele yangu mahali pa kuogea? Mimi mwenyewe ningeweza kupanda, lakini miguu yangu pale atakapoweka miguu yake akiwa uchi, hapana, mwili wangu ulikataa. Basi trei ile haikukanyagwa na mtu. Nilijiambia kwamba ni heshima. Mama akaoga jioni ya siku ya nne, mke wangu akaniletea shukrani zake, na mlango wa bafu lile ukafungwa kwangu kwa desturi.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye akaanguka.

Tulikutana nyumbani kwake Jumapili, baada ya ibada, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Shemeji mkubwa ndiye aliyeongea. Alisema mama hawezi tena kuishi peke yake, kwamba karanga zikishavunwa atahamia kwake mjini na nyumba hii itafungwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, bega limenielekea.

"Mimi sihami," akasema. "Hii ni nyumba ya mzee wangu. Kaburi yake iko hapo nje. Nani atafagia?"

"Mama, ulianguka."

"Ilikuwa kizunguzungu tu. Ilikuja, ikaenda."

"Basi ndiyo hiyo," akasema shemeji. "Kizunguzungu ikikuja tena, na hakuna mtu?"

Mama alikuwa amejifunga kwa neno lake mwenyewe, nami nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwake, yeye hana sahani, mimi nikitafuna paja la kuku lililopikwa kwa heshima yangu. Ningeweza kusema wakati ule. Sentensi moja tu ingetosha. Badala yake nilifyata ulimi na kuomba maji ya kunawa.

Kabla ya kuondoka nilizunguka nyuma ya nyumba kama mtu anayekwenda chooni. Ukuta wa bafu ulikuwa na alama ya unyevu kuanzia chini mpaka usawa wa goti, na chini yake ukijani umeota. Sikuhitaji kuingia ndani. Trei ilikuwa inacheza, ikipanda na kushuka kila akikanyaga, ukingo umeachana na vigae, maji yanaingia chini na kuusomba mchanga, na kila mchanga ukisombwa trei inazidi kubonyea. Kona imezama, maji yanatuama pale, sabuni inatuama pale, na mguu wa mwenye goti bovu unatua pale pale. Nilijua hata angeteleza kuelekea upande gani. Upande wa kushoto, ule wa mkono uliovunjika.

Nilirudi Busia nikakaa wiki mbili bila kusema. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Mteja mmoja wa Buteba aliniita nikaangalie bomba linalovuja, nikafungua mdomo niulize ni nani aliwafanyia uchafu huu, nikaufunga tena. Nililifunga lile bomba kimya kimya, nikaondoka. Kila mara mke wangu alipotoka kuongea na mama yake kwa simu nilimuuliza, "Anaendeleaje?" na kila mara nilitumaini atajibu kwamba amepata kizunguzungu tena. Fikiria mtu anayemwombea mama mkwe ugonjwa. Mtu huyo alikuwa mimi.

Jioni moja mke wangu alikuwa anachambua mboga, akasema mama ameanza kugawa kuku wake kwa majirani kwa sababu mjini hakuna pa kuwafuga. Alisema hivyo tu, hata hakuniangalia. Nami nikamwambia yote: matonge matano, mlio wa debe, ukuta wenye unyevu.

Mke wangu haongei haraka. Alimaliza kitita chote cha mboga kwanza.

"Ulijua siku ile tulikuwa tunakula kuku?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza kaka yangu akimwambia mama hana akili ya kukaa peke yake."

"Nilinyamaza."

"Kesho tunakwenda," akasema. "Utatengeneza. Na utasema kwa mdomo yako. Mimi sitasema kwa ajili yako."

Nilimjibu kwamba kutengeneza nitatengeneza, mengine tutaona. Naam, hata hapo bado nilikuwa natafuta mlango wa nyuma. Nilishapanga maneno yangu: nitasema bomba la chini limeanza kuvuja, jambo ambalo humpata kila mtu, nitainua trei, nitailaza upya, na hakuna atakayejua kilichokuwa chini.

Mpakani afisa mmoja alifungua begi langu na kutoa tindo, nyundo, mwiko na pima maji, akataka kujua ninakwenda kubomoa nini. Nikasema bafu la mama mkwe wangu. Akawaita wenzake. "Njooni muone, mkwe anakwenda kwa bafu ya mama mkwe wake!" Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi, wakatuachia tupite. Mke wangu hakucheka.

Ruhusa aliiomba yeye. Baba mdogo alikuna kichwa, kisha akasema bafu ambalo halina maji na halina mtu ni kistoo tena, mradi mama mwenyewe amelikabidhi. Mama akalikabidhi kwa kutoa taulo lake na sabuni yake, akaenda kukaa jikoni, lile jiko la nje, na mke wangu akafunga maji ya tangi.

Niliingia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya katani, imefungwa kwenye bomba la shawa na kupigwa mafundo matatu ya kushikia. Nilipiga magoti, nikakata silikoni iliyobaki pembeni, ule utomvu wa kuzibia ufa, nikalegeza kifuniko cha tundu la kutolea maji, nikaingiza ncha ya tindo chini ya ukingo kwenye ile kona. Trei iliinuka bila ubishi. Chini ya ukingo kulikuwa na vipande vya mpira.

Nilidhani ni takataka iliyosombwa na maji. Nilipovitoa nikaona vimekatwa kwa kisu, kwa uangalifu, vipana mbele na vyembamba nyuma, kama kabari za kushikia mlango. Vilikuwa ni soli za ndala. Viwili vya chini vilikuwa vimelainika na kuoza, vya rangi ya buluu, na ndala zile nilizijua kwa sababu tulimnunulia sisi Krismasi, wiki chache tu baada ya bafu kukamilika. Juu yake vya kijani. Juu kabisa kimoja cheupe, bado kigumu. Alikuwa anaunyanyua ukingo kwa kisu na kusukumiza kipande chini yake, na kilipozama, akakata kingine. Alianza kufanya hivyo mapema sana, labda bafu halikuwa na hata miezi mitatu. Aliijua kasoro ile karibu sawa na mimi, na kwa mwaka mzima alikuwa anaitengeneza peke yake, kwa magoti yale, bila kumwambia mtu.

Nilikaa chini kwenye vigae. Nilitaka sana kumkasirikia mtu, kwa sababu hasira ndiyo dawa yangu ya kila siku, lakini humo ndani hapakuwa na fundi mwingine wa kumtukana. Matonge yangu matano yalikuwa pale pale yalivyo, mawili yamemomonyoka, na kati yake shimo ambamo ungeweza kulaza mtoto mchanga. Nani aliwafanyia uchafu huu? Nililia kidogo, sitaki kusema nililia sana.

Nilitoka nikazunguka mpaka nyuma ya jiko, nikasimama ukutani upande wa nje. Ukuta ule ni wa udongo na una tundu la kutolea moshi, kwa hiyo sauti inapita. Nilikuwa na vile vipande mkononi.

"Mama," nikasema. "Hukuanguka kwa kizunguzungu."

Nilisikia kuni zikisogezwa.

"Nimeona ndala," nikasema. "Kosa ni langu. Trei sikuilaza vizuri. Siku ile ile nilijua, na nikaondoka."

Alipuliza moto kwanza. Kisha akasema, "Mkwe, mimi nifanye nini? Nikuite, nikwambie kuja uone mahali naoga, inacheza?"

"Ungewaambia watoto."

"Niwaambie? Wataleta fundi ingine. Hiyo fundi ataangalia, atasema, nani alifanya kazi mbaya hivi? Na wewe si unasema hivyo kwa watu, mke wako aliniambia. Sasa itakuwa bwana ya binti yangu. Tororo yote watasikia." Akakohoa moshi. "Nilisema kizunguzungu. Kizunguzungu haina mwenyewe."

"Lakini kwa neno hilo wanakuhamisha, mama."

"Mimi nilijua watafika huko? Ilikuwa imeshatoka kwa mdomo."

Nikamwambia nitampigia simu mwanawe sasa hivi. Akanikataza. Akasema wewe tengeneza, nyamaza, mimi nitawaambia nimepona. Ilikuwa ofa nzuri kuliko nilivyostahili, na nakiri kwamba kwa kitambo kidogo niliifikiria. Kisha nikaangalia kile kipande cheupe mkononi mwangu, nikapiga moyo konde, nikapiga simu pale pale nyuma ya jiko, kwa sauti, ili yeye na mke wangu wasikie kila neno.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mama hana ugonjwa," akasema.

"Hana."

"Ugonjwa ni wewe."

"Ni mimi."

Akasema atakuja kuona kazi, na kama mama ataoga vizuri mpaka karanga zivunwe, suala la kuhama litasubiri. Kama hataweza, atahama. Alikata simu bila kuniaga, na alikuwa na haki.

Nilifanya kazi ile kwa siku mbili. Niliyavunja matonge yote, nikachimba mchanga uliolowa, nikaacha shimo likauke mlango ukiwa wazi. Nilichekecha mchanga mara mbili. Nilitandaza mota kutoka ukuta hadi ukuta, nikaichora mistari kwa meno ya mwiko, nikailaza trei na kuikandamiza polepole mpaka mota ikajitokeza pembeni kote. Niligonga kila mahali, ikaitika kwa sauti nzito, sauti moja. Nikaweka mbao juu yake na magunia mawili ya karanga za msimu uliopita juu ya mbao, na kwa siku tano nikakataza mtu yeyote asiguse. Siku ya sita nilirudi nikapiga silikoni, nikafunga kifuniko cha maji, nikamwaga ndoo kadhaa nikiangalia kila tone linakwenda wapi. Shemeji alikuja, akapanda na viatu vyake, akaruka mara tatu, akashuka bila kunisifu.

Nilidhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata mke wangu alikwenda kumsaidia mama kuoga, kwa sababu ya plasta. Aliporudi aliniambia mama anaoga nje. Amerudi kwenye kibanda cha nyasi, kwenye mawe. Akilazimishwa kuoga ndani, anasimama upande mmoja tu wa trei, karibu na mlango, ameng'ang'ania ile kamba, na maji ya shawa hayamfikii. Kona ile haigusi. Mke wangu alimwambia ni imara, hata kaka amepanda. Mama akajibu kwamba ile ya kwanza pia waliambiwa ni imara. Na shemeji alishasikia. Alikuwa ameanza kuuliza gari la kuhamishia vitu.

Nililala vibaya siku ile, na asubuhi nikajua la kufanya, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kupiga ile simu.

Tulifika Kiyeyi kabla ya saa nne. Nilimwomba mke wangu amlete mama chumbani kwake, asimame upande wa pili wa mlango wa bafu, na auache wazi. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyeota pembe. "Baba mdogo amejua?" akauliza. Nikasema hapana, na sitamuuliza.

Niliingia bafuni kupitia mlango wa ukumbini. Mama alikuwa amesimama chumbani mwake, leso imemfunika kichwa na nusu ya uso, mkono wa plasta kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na miwili kusimama tumeelekeana. Nilivua viatu. Nilivua soksi, moja ilikuwa na tundu, na hata wakati ule niliona aibu ya tundu lile. Nikakunja suruali mpaka magotini, nikafungua maji, nikapanda juu ya trei.

Nilianza upande wa mlango. Kisha katikati. Kisha nikaenda kwenye kona, chini ya bomba, nikasimama pale kwa miguu yote miwili, bila kushika kamba, maji yakinishukia kichwani na kuloanisha shati. Mimi si mtu mwepesi. Niliruka, nikatua kwa visigino, nikaruka tena. Trei haikusema kitu. Mama hakunitazama usoni hata mara moja. Alikuwa anaitazama miguu yangu tu, na ile sehemu ya plastiki kati ya miguu yangu, kwa makini, kama alivyokuwa akitazama samaki kabla ya kununua.

Nilifunga maji.

"Hiyo," mama akasema, "ungefanya siku ya kwanza, mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nenda sasa."

Nilichukua viatu vyangu mkononi nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi upande wa kaburi la mzee, nimelowa chepechepe. Mke wangu alibaki ndani naye. Baada ya muda nilisikia mlango wa bafu ukifungwa, kisha maji yakafunguliwa. Mwanzoni yalikuwa yanapiga plastiki tupu, sauti ninayoifahamu, mtu akiwa amesimama pembeni. Nilingoja. Kisha sauti ikabadilika, maji yakawa yanampiga mtu.